Pauni ya Kwanza Iende Wapi? Utulivu wa Gari la Familia kwa Fedha Kidogo



Gari kwa familia nyingi zetu hapa Uingereza si pambo. Ndilo lipelekalo watoto madrasa jioni za baridi, ndilo limfikishalo baba au mama kwenye zamu ya usiku wakati mabasi yamekwisha kulala, na ndilo libebalo watu watano na masanduku yao kutoka Leicester hadi London harusi inapotokea. Aghalabu ni gari lililokwisha pita mikononi mwa wengine, umri wake miaka kumi au zaidi, nalo limenunuliwa kwa fedha iliyokusanywa haba na haba. Kwa hivyo linapoanza kuyumba kwenye kona, kugonga linapovuka tuta, au kuvuta upande mmoja barabarani, swali la nyumbani huwa moja: hii fedha kidogo tuliyo nayo tuitie wapi?

Majawabu huwa mawili, na kila moja lina mtetezi wake. Kijana hutaka springi fupi na rimu kubwa, gari likae chini na lisilale kwenye kona. Mzee husema kwamba maadamu gari linakwenda, liachwe liende. Sisi twaona majawabu yote mawili yana hasara. La kwanza hupoteza fedha mahali pasipostahili, na la pili huihatarisha roho kwa kuichunga fedha. Tumeona vyema, basi, tuieleze njia ya katikati, kwa utaratibu, ili kila nyumba ipime kwa mizani yake.

KAZI YA KILA KIUNGO

Mtu hawezi kutengeneza asichokijua, kwa hivyo tuanze na majina. Springi hubeba uzito wa gari. Shokapu huituliza springi, kwani springi ikiachwa peke yake hupanda na kushuka kama ngalawa baada ya wimbi, na gurudumu linapokuwa hewani halishiki chochote. Bushi ni mipira iliyowekwa baina ya chuma na chuma ili visisagane. Boljointi ni kiungo mfano wa bega la mwanadamu, humruhusu gurudumu kugeuka huku likipanda na kushuka. Tairodi huunganisha usukani na magurudumu. Stabilaiza ni fimbo ya chuma inayotoka gurudumu la kushoto hadi la kulia, kazi yake kulizuia gari lisilale mno upande mmoja. Vyote hivi kwa pamoja mafundi huviita suspensheni.

Katika magari mengi madogo ya leo, shokapu ya mbele si kitulizo tu, bali ni nguzo inayolishikilia gurudumu lenyewe. Mtindo huo hubeba jina la mhandisi wa Kimarekani, Earle MacPherson, nao ulipata sifa hapa Uingereza katika magari ya Ford Consul na Zephyr mwanzoni mwa miaka ya 1950. Ni mtindo wa gharama ndogo na usiochukua nafasi, na ndiyo sababu ukaenea. Lakini una sharti lake: nguzo ikichakaa, si starehe tu inayopotea, bali hata mwelekeo wa gurudumu huharibika.

Yote hayo yapo kwa ajili ya jambo moja, nalo ni kuyakandamiza matairi manne juu ya lami. Tufanye hesabu. Gari la kilo 1,200 huweka kilo 300 kwa wastani juu ya kila tairi. Upepo wa paundi 32 kwa inchi ya mraba ni sawa na kilo 2.25 hivi kwa sentimita ya mraba. Ukigawa 300 kwa 2.25 utapata sentimita za mraba 133, yaani takriban kiganja cha mkono wa mtu mzima. Viganja vinne vya mpira ndivyo vinavyowashika watoto wetu barabarani wakati mvua inanyesha. Chochote kisichovisaidia viganja hivyo hakifai kununuliwa mwanzo.

KWANZA TAIRI

Kwa sababu hiyo twasema pauni ya kwanza iende kwenye matairi. Tairi jipya la gari dogo huwa na mitaro yenye kina cha milimita 8 hivi. Sheria ya hapa inataka kina kisipungue milimita 1.6 katika robo tatu za kati za upana wa tairi, kuzunguka tairi zima. Mitaro hiyo kazi yake ni kuyatoa maji. Inapokuwa mifupi, maji hubaki baina ya mpira na lami, na tairi huelea. Wajuzi wengi hushauri tairi libadilishwe likifika milimita 3, wala lisingojewe lifike mpaka wa sheria.

Kipimo kipo mfukoni mwa kila mtu. Chukua sarafu ya peni 20 uichomeke ndani ya mtaro. Ikiwa ule ukingo wa nje wa sarafu unaonekana, tairi limekaribia au limepita mpaka wa sheria, nalo lipelekwe kwa fundi. Adhabu ya kuendesha gari lenye tairi bovu yaweza kufika pauni 2,500 na pointi 3 kwa kila tairi. Wazazi wenye vijana waliopata leseni karibuni na wazingatie hapa: kwa sheria ya madereva wapya ya mwaka 1995, anayefikisha pointi 6 ndani ya miaka miwili ya mwanzo hupokonywa leseni na kulazimika kufanya mtihani upya. Matairi mawili yaliyokwisha yatosha kumfikisha huko.

Wengi wetu hukimbilia matairi yaliyotumika, kwa kuwa bei yake yaonekana nafuu. Kuyauza si kosa, maadamu yamepigwa alama ya kuonyesha kwamba yalitumika na kina chake hakipungui milimita 2. Lakini tulipime jambo hili kwa hesabu, si kwa macho. Ikiwa tairi jipya lina milimita 8, nawe utalibadilisha likifika 3, umenunua milimita 5 za kutumia. Lililotumika lenye milimita 4 limekupa milimita 1 tu. Hata ukilipata kwa nusu ya bei ya jipya, umelipa nusu ya fedha kwa sehemu moja katika tano za mali. Tena hujui lilikopita, wala kama lilipigwa na shimo likaumia ndani. Hapo unafuu uko wapi?

Unaponunua jipya, soma lebo yake. Huonyesha kwa herufi jinsi tairi linavyoshika barabara yenye maji, na A ndiyo daraja bora. Katika nchi ya mvua kama hii, herufi hiyo ni muhimu kuliko jina la kampuni. Tazama pia nambari nne zilizomo ubavuni: 2319, kwa mfano, maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira hukauka kwa umri hata kama haukutembea.

UPEPO NA ALAIMENTI

Jambo la pili halina gharama kubwa, na pengine halina gharama kabisa. Upepo wa tairi hupungua baridi inapoingia. Joto likishuka kwa nyuzi 20, kama litokavyo mchana wa kiangazi hadi asubuhi ya kipupwe, tairi la kawaida hupoteza paundi 3 hivi bila ya kutoboka. Tairi lenye upepo mdogo hujikunja kwenye kona, na dereva hudhani shokapu zimekufa. Pima upepo kabla gari halijatembea, na ufuate karatasi iliyobandikwa kwenye mlango wa dereva au ndani ya kifuniko cha mafuta. Katika magari mengi karatasi hiyo ina hesabu mbili, moja ya mtu mmoja au wawili, na ya pili ya gari lililojaa. Familia inayosafiri na mizigo yafaa itumie hesabu ya pili.

Kisha litazame tairi lilivyolika, kwani huo ni ushahidi usiosema uongo. Likilika katikati, upepo ulizidi. Likilika kingo zote mbili, upepo ulipungua. Likilika upande mmoja tu, magurudumu hayakuelekea sawa, au kuna kiungo kilicholegea. Likilika kwa mabonde mabonde, shokapu huwa ya kwanza kushukiwa.

Alaimenti ni kuyaelekeza magurudumu yatazame inavyotakiwa. Pigo moja la shimo laweza kuyapotosha. Ni kazi ya muda mfupi, na bei yake huwa chini ya tairi moja jipya, nayo huokoa matairi yote. Lakini ifanywe mwisho, baada ya viungo vilivyolegea kubadilishwa. Anayepanga alaimenti juu ya tairodi iliyolegea amelipa fedha yake kwa siku chache.

KUREJESHA KABLA YA KUONGEZA

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu. Gari lilipotoka kiwandani lilikuwa limepangwa na wahandisi kwa muda mrefu. Likiyumba leo, aghalabu si kwa upungufu wa mapambo, bali kwa uchakavu. Basi kurejesha kilichopotea ndiko kuongeza kwa kwanza, na mara nyingi ndiko kunakotosha.

Mlio wa kugonga mbele gari linapovuka matuta mara nyingi ni linki za stabilaiza. Ni vijiti vidogo vya bei ndogo, navyo hubadilishwa upesi. Ajabu ni kwamba mlio huo huwatia watu hofu wakauza gari zima. Bushi zikipasuka, gari huhisi kama linafuata njia yake wenyewe, hasa unapokanyaga breki. Springi nazo huvunjika. Chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa barafu huila rangi yake, kutu huingia, na shimo humaliza kazi. Mara nyingi huvunjika ncha ya chini, na mwenye gari asijue mpaka siku ya ukaguzi wa MOT, ilhali kipande hicho chaweza kulikata tairi.

Waswahili walisema kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi. Kuvuja kwa shokapu si nafuu ya yeyote. Ukiona mafuta yametiririka mwilini mwake, kazi yake imekwisha au i karibu kwisha. Kile kipimo cha kukandamiza pembe ya gari na kuiachia bado kina faida: gari likiendelea kupanda na kushuka zaidi ya mara moja na nusu, shokapu imechoka. Ila kutulia kwake si hati ya uzima, kwani nyingine huchoka kidogo kidogo bila kuonyesha dalili hiyo. Shokapu hubadilishwa mbili mbili, za mbele pamoja au za nyuma pamoja, ili gari lisiwe na mguu mzima na mguu mgonjwa. Nunua za daraja ile ile ya kiwandani kutoka kwa mtengenezaji anayejulikana, wala si lazima ziwe za mashindano.

Tunatahadharisha juu ya jambo moja. Katika mtindo wa MacPherson, springi imekandamizwa juu ya shokapu kwa nguvu kubwa mno. Ikifunguliwa bila chombo maalumu huruka kama risasi, na yaweza kuua. Kazi hiyo isifanywe uani kwa spana mbili na ujasiri. Kadhalika asiingie mtu chini ya gari lililosimama juu ya jeki peke yake.

SPRINGI FUPI NA RIMU KUBWA

Sasa tumsikilize kijana, kwa kuwa hoja yake haikosi ukweli. Gari la chini hushika zaidi, na magari mengi ya mashindano ni mafupi. Swali ni kiasi gani, na kwa bei gani.

Gari linapokata kona, uzito huhama kutoka magurudumu ya ndani kwenda ya nje. Tairi likiongezewa uzito maradufu halishiki maradufu, kwa hivyo kuhama huko hupunguza mshiko wa gari zima. Kiasi kinachohama hutegemea uzito wa gari, ukali wa kona, urefu wa kitovu cha uzito kutoka ardhini, na upana baina ya magurudumu. Tuchukue gari letu la kilo 1,200. Kitovu chake kiwe sentimita 55 juu ya ardhi, upana wake sentimita 150, na kona ilisukume kwa nguvu ya nusu ya uzito wake, yaani kilo 600. Zidisha 600 kwa 55, ugawe kwa 150: kilo 220 zimehama. Sasa lishushe gari sentimita 3 kwa springi fupi. Kitovu kimekuwa 52, na zinazohama ni kilo 208. Fedha yote ile imeokoa kilo 12.

Tufanye hesabu ya pili. Weka mizigo ya kilo 50 juu ya paa, sentimita 160 kutoka ardhini. Katika kona ile ile mizigo hiyo peke yake inaongeza kilo 27 hivi. Maana yake, kuyashusha masanduku kutoka paani kuyaingiza ndani kunaleta faida kuliko springi fupi, na hakugharimu hata peni moja.

Mbona basi kijana ahisi gari lake limekuwa jingine? Kwa sababu springi fupi huwa ngumu, na gari haliinami tena. Lakini kuinama na kuteleza ni mambo mawili. Gari laweza kuinama kwa adabu likashika, na laweza kusimama wima likateleza. Tena springi fupi huiacha shokapu ya kawaida na nafasi ndogo ya kusafiri; kwenye shimo hugonga mwisho wake, na gurudumu huruka. Matuta ya barabara za hapa yanaruhusiwa kufika milimita 100 kwa urefu, na gari lililoshushwa lililojaa watu hulikwangua kila tuta. Ama kukata springi kwa msumeno, hilo hatulijadili. Ni kucheza na roho za watu.

Rimu kubwa zina hesabu kama hiyo. Tairi lake huwa jembamba wa ubavu, hupokea shimo kwa chuma badala ya mpira, na bei yake hupanda. Stabilaiza nene ina nguvu kuliko inavyoonekana: kutoka milimita 20 hadi 22 ugumu huongezeka kwa asilimia 46. Ikifungwa nyuma, yaweza kuufanya mkia wa gari utoke upesi kwenye maji. Hicho si kitu cha kumkabidhi dereva wa mwaka wa kwanza.

BIMA

Wako wanaosema hakuna atakayejua. Kwa sheria ya bima ya mwaka 2012, anayenunua bima binafsi analazimika kuchukua hadhari ya kutosha asiieleze kampuni jambo lisilo kweli. Mabadiliko ya suspensheni na rimu ni miongoni mwa mambo yanayoulizwa. Akidanganya kwa makusudi, kampuni yaweza kuivunja bima. Akighafilika, yaweza kupunguza malipo. Kubadilisha shokapu iliyochoka kwa nyingine ya aina ile ile ni matengenezo ya kawaida. Kushusha gari ni mabadiliko, na yaulizwe kwanza bei yake kwa simu moja kabla ya springi kununuliwa. Mara nyingine nyongeza ya bima hupita bei ya springi zenyewe.

UTARATIBU WA MATUMIZI

Kwa muhtasari, mwenye fedha kidogo afuate daraja hizi, asiruke hata moja:

1. Upepo sahihi, na mizigo ishuke kutoka paani.
2. Kiungo chochote kilicholegea au springi iliyovunjika, kwani hapo pana hatari ya papo kwa papo.
3. Matairi manne mazuri ya aina moja, yenye daraja nzuri ya maji. Ikibidi kununua mawili, yaliyo mazuri zaidi yakae nyuma, ili mkia usiteleze.
4. Shokapu zilizochoka, mbili mbili.
5. Alaimenti, baada ya hayo yote.
6. Kikibaki kitu, na bima ikakubali, ndipo pafikiriwe pambo.

Orodha ya hitilafu huipati kwa kubahatisha. Taarifa za MOT za kila gari zimewekwa na serikali kwenye intaneti bila malipo. Andika nambari ya gari utaona kasoro zilizotajwa mwaka hadi mwaka. Lisomwe hilo kabla ya kununua gari, na lisomwe tena kabla ya kwenda gereji. Kwa fundi, omba uonyeshwe kiungo kinavyocheza, omba bei kwa maandishi, na omba urudishiwe spea iliyotolewa. Fundi mwaminifu hachukizwi na maombi hayo.

Tunamalizia kwa kuwaomba wazazi wasimvunje moyo kijana anayelipenda gari. Mapenzi hayo ni mlango wa elimu, na huenda akatoka humo mhandisi. Apewe kipimo cha upepo, apewe sarafu ya peni 20, afanye zile hesabu mbili za kona kwa mkono wake, kisha aulizwe yeye mwenyewe pauni ya kwanza iende wapi. Na wale wasemao gari liachwe maadamu linakwenda, tunawakumbusha kwamba mwendo wa maili 70 kwa saa unahitaji mita 96 za kusimama barabara ikiwa kavu, na mvua huongeza maradufu au zaidi. Asiyeziba ufa hujenga ukuta, na ufa wa suspensheni hauonekani mpaka siku ile mita hizo zinapohitajika zote.